Anaimba a, be, che lakini hasomi: mfundishe mtoto sauti za herufi kwa mikono yake

Bibi mmoja anayetusikiliza kila asubuhi alitutumia ujumbe wa sauti. Mjukuu wake yuko darasa la pili. Siku hiyo ujumbe wa pesa ulikuwa umeingia kwenye simu ya bibi, kutoka kwa mwanawe aliyeko mjini. Bibi hajui kusoma, akamwita mjukuu. Mtoto akashika simu, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akasema kwa sauti kubwa: "U, me, e, pe, o, ke, e, a."

Bibi akamuuliza, "Sasa wanasemaje?"

Mtoto akanyamaza.

Neno lenyewe lilikuwa "Umepokea". Herufi zote nane alizitaja sawasawa, hakukosea hata moja, lakini neno hakulipata. Ikabidi bibi aende dukani, ampe mtu baki simu yake amsomee, na mtu huyo akajua kiasi cha pesa alichotumiwa. "Wanangu," alitumalizia, "huyu mtoto anasoma au hasomi?"

Tulipousikilizisha ujumbe ule hewani, simu ziliita mpaka kipindi kikaisha. Kumbe wenye swali la bibi ni wengi. Basi tukawafuata walimu wa madarasa ya awali, tukakaa na wazazi, tukajaribu na sisi wenyewe hapa studio. Tumeyaandika haya ili uyasome taratibu kwenye simu yako, au umsomee jirani.

Jina la herufi na sauti ya herufi

Kila herufi ina jina, na kila herufi ina sauti. Hivi ni vitu viwili.

Fikiria paka. Jina lake ni paka, lakini akilia hasemi "paka", anasema "nyau". Ng'ombe naye hatamki jina lake. Herufi ni hivyo hivyo. Ile herufi m, katika wimbo wa a, be, che, tunaiita "me". Hilo ni jina. Sauti yake ni "mmm", midomo imefungwa, pumzi inatoka puani, kama mtu aliyeonja kitu kitamu.

Sasa andika neno "mama". Mtoto anayejua majina tu atasema: me, a, me, a. Akiunganisha anapata "meamea", na nyumbani kwao hakuna mtu anayeitwa hivyo. Mtoto anayejua sauti atasema: mmm, aaa, mmm, aaa. Akiunganisha anapata mama, na mama yupo jikoni.

Hapo ndipo alipokwama mjukuu wa bibi. Hana akili nzito. Alipewa majina ya herufi, hakupewa sauti.

Irabu tano, yaani a, e, i, o, u, hazina taabu kwa sababu jina na sauti ni kitu kimoja. Tatizo liko kwenye konsonanti: b, d, k, l, m, s na nyingine.

Jambo hili si dogo. Tafiti za Uwezo, zilizoanza kupita nyumba kwa nyumba nchini mwaka 2010, zilionyesha kuwa watoto wengi walikuwa wanafika darasa la tatu bila kuweza kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umeweka mkazo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na walimu wanahimizwa kuanza na sauti. Lakini mwalimu mwenye watoto wengi darasani hawezi kumfikia kila mmoja kila siku. Dakika kumi za nyumbani zina kazi kubwa.

Kiswahili kinatubeba

Habari njema ni kwamba lugha yetu inaandikwa karibu kama inavyotamkwa. Herufi a ya "maji" ndiyo a ya "baba" na ndiyo a ya "shamba". Haibadiliki. Mtoto anayejifunza kusoma Kiingereza hana bahati hiyo, maana herufi moja humtolea sauti hii leo na nyingine kesho.

Herufi q na x hatuzitumii kabisa kwenye maneno yetu, na c haitembei bila h. Kwa hiyo mzigo si mkubwa. Mtoto akishazijua sauti na akajua kuziunganisha, anaweza kusoma karibu neno lolote la Kiswahili, hata ambalo hajawahi kuliona.

Kwa nini mikono?

Mtoto wa miaka mitano hujifunza kwa kushika. Mpe simu, ataigeuza. Mpe udongo, atafinyanga gari. Ukimkalisha atazame ubao tu, mwili wake unakataa.

Hili liligunduliwa zamani. Mwaka 1907 daktari mmoja mwanamke wa Italia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya kulelea watoto katika mtaa wa watu maskini wa San Lorenzo, Roma. Alikata herufi kwa karatasi ya msasa, akazibandika kwenye vibao, na watoto wakawa wanapitisha vidole juu yake huku wakitamka sauti. Kidole kinapita njia ile ile ambayo baadaye penseli itapita. Jicho linaona, sikio linasikia, mdomo unatamka, kidole kinahisi, vyote kwa wakati mmoja. Kiitaliano nacho, kama Kiswahili, huandikwa karibu kama kinavyosemwa, ndiyo maana njia hii inatufaa.

Msasa huna? Huuhitaji.

Vifaa unavyoweza kutengeneza Jumapili moja

1. Herufi za mchanga. Kata boksi kuukuu vipande vya ukubwa wa kiganja. Andika herufi moja ndogo kwenye kila kipande, nene kama kidole. Pika uji mzito wa unga wa muhogo au wa ngano, huo ndio gundi yako. Paka juu ya herufi tu. Mwagia mchanga laini uliochekechwa, acha ukauke vizuri, kisha kung'uta. Weka nukta pale mkono unapoanzia kuandika, ili mtoto asizoee kuanzia mahali pasipofaa.

2. Sinia la mchanga. Tandaza mchanga mkavu kwenye sinia au ungo wa zamani. Mtoto anaandika kwa kidole, akikosea anatikisa na kuanza upya. Hapa kosa halina aibu, linafutika.

3. Vizibo. Kusanya vizibo vya plastiki vya chupa za maji. Andika herufi juu yake kwa maka peni, au bandika karatasi. Irabu ziwe nyingi kuliko konsonanti. Kwa neno "salama" peke yake unahitaji a tatu. Ukitengeneza a sita na konsonanti tatu tatu, unaanza vizuri.

4. Udongo wa mfinyanzi. Mtoto anaviringisha kamba ya udongo na kuumba herufi.

5. Kikapu cha vitu. Weka vitu vidogo vya nyumbani ambavyo majina yao yanaanza na sauti mnazojifunza: sahani, sabuni, limau, muwa.

Tahadhari moja. Watu wengi hupenda kutumia maharage na mahindi. Kwa mtoto mkubwa sawa, lakini kama kuna mdogo wake anayetambaa karibu, acha. Punje ikiingia puani au sikioni huvimba ikipata unyevu. Ikitokea, usichokonoe, mpeleke kituo cha afya. Vizibo vya chuma vya soda navyo vina meno yanayokata, kwa hiyo plastiki ni bora. Vizibo pia usimwachie anayetambaa.

Masikio kwanza, herufi baadaye

Kabla ya kumwonyesha mtoto herufi yoyote, mfundishe kusikia. Hii haihitaji kitabu, haihitaji taa, na asiyejua kusoma anaiweza sawasawa na mwalimu.

Mkiwa mnapukuchua mahindi au mnaenda kisimani, sema: "Naona kitu kinachoanza na mmm." Mtoto ataje: maji, moto, mahindi. Kesho iwe "sss". Akikosea, usicheke. Rudia neno lake polepole mpaka asikie mwenyewe. Wiki moja ya mchezo huu inatosha kumwandaa.

Herufi tano za kuanzia

Usianze a, be, che mpaka mwisho. Anza na chache zinazotoa maneno haraka. Walimu tuliozungumza nao wana mipangilio tofauti kidogo, lakini wanakubaliana kwa mambo mawili. La kwanza, anza na sauti zinazovutika, kama m, s na l, maana mtoto anaweza kuivuta "sss" mpaka ikutane na "aaa". Sauti kama k, t na b hukatika ghafla, zisubiri kidogo. La pili, zinazofanana usizifundishe pamoja. Tenganisha m na n. Tenganisha l na r. Tenganisha b na d.

Sisi tulichagua a, i, m, s, l. Angalia maneno yanayotoka humo: mama, mimi, sisi, lala, lima, lia, sali, asali, mlima, salama, simama, salimia. Unapata hata sentensi nzima: "Mama alilima." Kwa herufi tano tu mtoto wa mkulima anasoma habari ya nyumbani kwao.

Somo la dakika kumi

Chukua herufi mbili tu, tuseme m na a. Kaa upande mmoja na mtoto, usikae mbele yake, ili muone herufi kwa namna moja.

Hatua ya kwanza, mwambie. Pitisha kidole chako juu ya m ya mchanga, polepole, useme "mmm". Usiseme "ma", usiseme "me". Mpe naye apitishe mara tatu. Fanya hivyo kwa a.

Hatua ya pili, muulize kwa kutumia mikono. "Nipe mmm." "Weka aaa kichwani." "Ficha mmm nyuma yako." Hapa hatamki, anachagua tu. Kaeni hapa muda mrefu, ndipo penye mchezo na ndipo herufi inapoingia.

Hatua ya tatu, gusa herufi umuulize, "Hii inasemaje?" Akijibu, vizuri. Asipojibu, usimkaripie, rudi hatua ya pili. Ni dalili tu kwamba umeharakisha.

Malizia kwenye sinia la mchanga aandike kwa kidole. Dakika kumi zikiisha, acha, hata kama bado anataka. Akitamani kesho ifike umeshinda.

Kuunganisha, mahali wengi wanapokwama

Kujua sauti ya m na sauti ya a bado si kusoma. Kusoma ni kuziunganisha. Kwa hatua hii mama mmoja alituonyesha njia yake, nasi tumeipenda.

Chora mstari chini vumbini. Weka kizibo cha m mwanzo wa mstari upande wa kushoto, na cha a mwisho wake. Mtoto anaanza kusukuma m kuelekea a huku anavuta sauti: "mmmmm". Vizibo vikigusana tu, anafungua mdomo: "mmmaaa". Tena haraka kidogo: "mma". Tena: "ma". Hapo ameona kwa macho na kusikia kwa masikio jinsi silabi inavyozaliwa. Kisha ongeza "ma" nyingine pembeni.

Na ile chati ya ma, me, mi, mo, mu tuliyosomea sisi wakubwa? Usiitupe. Silabi ndizo tofali za Kiswahili. Ubaya ni pale mtoto anapoiimba kama wimbo bila kuangalia. Mpime hivi: mwambie asome kuanzia chini kwenda juu, au ruka ruka kwa kidole. Anayesoma atapunguza mwendo lakini atapata. Aliyekariri ataanza kuimba upya kutoka "ma".

Sauti zinazosumbua

Mtoto akishazoea, atakutana na herufi mbili zinazotoa sauti moja: ch, sh, ny, th, dh, gh. Ziandike pamoja kwenye kipande kimoja cha boksi au kizibo kimoja, ili azione kama kitu kimoja. Asisome s halafu h.

Kuna ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma. Tamka zote mbili ukisikiliza utaona tofauti. Ile alama ya juu ndiyo inayozitenganisha, kwa hiyo usiisahau unapoandika.

Kuna pia m inayosimama peke yake bila irabu, kama kwenye mti, mtu na mto. Mtoto akisoma "muti", mwambie avute m kisha aruke moja kwa moja kwenye t.

Sehemu nyingi za kwetu l na r huchanganywa, na "thelathini" huwa "selasini". Si ujinga, ni athari ya lugha za nyumbani ambazo baadhi hazina sauti hizo. Mtoto akisema "lafiki", usimzomee. Tamka "rafiki" mwenyewe, mwache aangalie ulimi wako, aende nao taratibu.

"Sisi nyumbani hatusemi Kiswahili"

Wasikilizaji kadhaa walituuliza hili. Jibu ni kwamba mchezo wa kusikia sauti ufanyeni kwa lugha ya nyumbani. Mtoto akishajifunza kuwa maneno yanaundwa na sauti, ujuzi huo anauhamishia kwenye Kiswahili. Lakini neno analosoma kwa Kiswahili hakikisha analijua maana yake. Mtoto akisoma "asali" na hajui asali ni nini kwa Kiswahili, atatamka tu kama kasuku. Mwonyeshe, au mtafsirie.

"Na mimi sijui kusoma"

Bibi yetu naye alisema hivyo. Bado unaweza. Mchezo wa masikio ni wako. Kwa herufi, mwombe kaka au dada yake mkubwa, au mwalimu, arekodi sauti kwenye simu, moja moja, huku herufi ikiwa imechorwa kwenye daftari. Kazi yako ni kukaa pembeni na kusikiliza. Wazee kadhaa walituambia wameanza kujifunza hivyo hivyo, pamoja na wajukuu.

Mambo ya kuepuka

Tukiri kosa letu kwanza. Siku ya kwanza tulipotamka sauti hewani, tulisema "be, ke, te". Mwalimu mmoja akapiga simu akatuambia kwa upole, "Wanangu, mnafundisha majina tena." Alikuwa sahihi. Sauti za b, k na t zitamke fupi, kama unanong'ona, usizibebeshe irabu.

Jingine ni fimbo. Mtoto anayeogopa kofi hasikilizi sauti, anasikiliza mkono wako uko wapi. Jingine ni kumlinganisha na mwenzake: watoto hawafiki siku moja.

Na kama mtoto kila mara anaomba urudie, hageuki akiitwa, au anatokwa na usaha masikioni, usiseme ni mzito wa kuelewa. Mpeleke zahanati apimwe. Asiyesikia vizuri hawezi kushika sauti. Hali kadhalika anayesogeza daftari mpaka puani, macho yake yaangaliwe.

Tulivyorudi kwa bibi

Baada ya wiki sita tulimpigia bibi. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu." Tukamuuliza habari za mjukuu.

Akasema vizibo vimejaa kwenye kopo la majani ya chai, na mtoto hawaachi wenzake wavichukue. Ujumbe wa simu bado haumudu. Herufi p hajaifikia, na k anaisahau. Lakini jioni moja alipanga vizibo sita mlangoni, akaenda kumshika bibi mkono. Bibi hakujua vilichoandika. Mtoto akapitisha kidole, akavuta, akaunganisha: "Sa-la-ma."

"Basi nikamwitikia," bibi akasema. "Nikamwambia, salama mwanangu."

Wiki hii, katika kipindi cha asubuhi, tutakuwa tunatamka sauti mbili kila siku kabla ya matangazo. Mkalishe mtoto karibu na redio, mpe sinia la mchanga. Tutaanza na "mmm" na "aaa". Na safari hii hatutasema "me".